Mwonjaji wa Kitendaguro

Mwezi uliopita nilikuwa Kishanda kwa bibi, tukimenya ndizi kibarazani, na mpwa wangu ameinamia simu anacheza gemu. Kila alipokwama alifungua ukurasa mmoja mtandaoni, akasoma, akapita. Nikamuuliza nani kaandika yote hayo.

"Watu tu, shangazi. Yeyote anaongeza, yeyote anafuta."

Sisi, rafiki yangu, tulikuwa na ukuta.

Nilipelekwa kutoka Kishanda hadi Kitendaguro kwa shangazi yangu, kwa likizo, nikiwa darasa la nne. Siku ya tatu alinikabidhi jembe, kama methali inavyoagiza. Nikimaliza palizi nilikimbilia kwa jirani, mzee aliyeuza mafuta ya taa na kuchezesha gemu chumba cha nyuma. Chumba kilinuka mafuta hayo pamoja na maandazi ya mkewe. Gemu ilikuwa moja, na maandishi yake ya Kijapani. Hakuna aliyejua chupa ipi inaponya na ipi inaua, basi tulijifunza kwa kufa, na tulichojifunza kiliandikwa ukutani kwa chaki. Maji ya kijani usiyaguse. Ukikaa karibu na moto, damu inarudi. Wote waliandika, isipokuwa mgeni. Jambo la uongo lilifutwa kwa kiganja, ila halikufutwa kabla ya kujaribiwa.

Wa kujaribu nilikuwa mimi. Kwetu mwenye rubisi hunywa kwanza, ili mgeni aone kwamba pombe haina sumu. Pale kwa jirani waliupindua utaratibu, mgeni ndiye akaonja. Wakaniita Mwonjaji. Mbele ya kila shimo jipya nilipewa pedi ya kuchezea, nikafa, wakacheka, wakaninyang'anya, mwingine akapita salama pale nilipoangukia. Nami nilipenda. Nililala nikiwaza mashimo ya kesho.

Kisha tukakwama kwenye mlango wa chuma uliotema moto kila ulipousogelea. Walinituma nikaungue hapo mpaka wenyewe wakachoka kucheka.

Asubuhi moja senene, panzi wetu wa kuliwa, walishuka uwanjani, wote wakatoka mbio na makopo. Mimi nilibaki. Pedi ilikuwa mapajani, sikubonyeza kitu, nikasikiliza kelele za nje. Mlango ukafunguka wenyewe. Nilishuka ngazi za mawe hadi kwenye ziwa la kijivu, tulivu, kama letu kabla jua halijapanda. Hapo umeme ukakatika.

Waliporudi, makopo yao yakikwaruza kwa miguu ya senene, niliwaambia. Nikamwomba chaki mtoto wa mwalimu, aliyekuwa mkubwa wetu.

"Bojo, tafadhali, leo niandike mimi."

Alinipa, akiwakonyeza wenzake. Niliandika kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika shuleni: Mlangoni usibonyeze kitu. Subiri.

Aliyafuta kabla chaki haijatoka mkononi mwangu.

"Kusubiri? Hii gemu au foleni ya hospitali?"

"Jaribu kwanza ndipo ufute. Si ndiyo sheria?"

"Kujaribu ni kazi yako."

"Nimeshajaribu."

"Nani aliona?"

"Senene," mmoja akajibu, wakaanguka kwa kicheko. Hata jirani alicheka. "Mwacheni," akasema, "huko Kishanda mlango hungojwa mpaka mbuzi aufungue."

Umeme uliporudi sikupewa pedi. Mwongo haonji, mtoto wa mwalimu alisema, akanisukuma nje. Nilisimama dirishani likizo yote iliyobaki nikiwatazama wakiungua mmoja baada ya mwingine, vidole vikihangaika juu ya vitufe. Niliijua dawa yao. Hawakuniuliza, nami nilijifunza kufurahi kimya. Kisha runinga ikauzwa, na hakuna aliyewahi kupita.

Siku hizi chumba kile ni saluni, ukuta umepakwa rangi ya waridi. Mpwa wangu hatakwama wiki mbili mbele ya mlango, wala hatamtuma mtoto mwenzake akafe kwa ajili yake. Ni vizuri, nadhani. Lakini hata kufika mahali ambapo hakuna mtu amefika, na kukaa peke yako na siri hiyo, hilo nalo limeondoka.

Nilikutana na mtoto wa mwalimu sokoni Bukoba, mnene sasa, mpole, ana watoto. Alinishika mkono kwa furaha ya kweli.

"Unaikumbuka gemu ile? Masikini sisi. Kumbe haikuwa na mwisho, pale mlangoni ndiyo ilikuwa basi."

Alinitazama, akingoja nikubali.

"Ndiyo, kaka," nikamwambia. "Haikuwa na mwisho."