Wapiga Kura wa Zamu ya Asubuhi

Siku yangu ya kwanza katika kazi za uchaguzi, pale Mkongani, nilikabidhiwa chupa ya wino nipake vidole vya wapiga kura. Nilikuwa mwalimu, uchaguzi ilikuwa kazi ya kuazimwa. Baadaye nikawa karani wa daftari la wapiga kura Msambweni, na mwishoni mwa miaka ya tisini nikateuliwa msimamizi wa kituo kimoja Diani.

Asubuhi ya kupiga kura, mvua ilikuwa imeharibu barabara. Mawakala, yaani watu wa vyama wanaoangalia kwa niaba ya wagombea, walikuwa hawajafika. Mbele ya foleni walisimama wafanyakazi wa hoteli, zamu yao ikianza saa moja. Msemaji wao alikuwa mpishi kutoka bara, Mutua.

"Madam, si utufungulie tu? Tukichelewa, meneja atatufuta."

"Mwanangu, sanduku lazima mawakala walione tupu kabla sijalifunga kwa lakiri." Lakiri ndiyo ile nta nyekundu ya kuyeyusha kwa moto.

Mkubwa wangu, msimamizi wa uchaguzi wa jimbo zima, akafika na gari lake. "Bi Mwanasha, saa imefika. Fungua."

"Nitafungua, bwana mkubwa. Lakini niandikie kwa mkono wako kwamba mawakala hawakuwapo."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Basi ngoja. Nitawafuata mwenyewe."

Niliandika barua kwa meneja: kuchelewa ni kwangu, tafadhali awaruhusu watoke baadaye, wachache wachache, warudi kupiga kura. Mutua aliipokea bila kunitazama, wakaenda zao kazini. Moyo uliniuma, huenda nilikuwa nimemkosesha mtu kazi na kura yake kwa pamoja.

Mawakala waliletwa saa mbili, wamelowa chapachapa. Alasiri wale wa hoteli wakaanza kurudi, wanne wanne. Mutua alikuja wa mwisho, na aproni yake.

"Meneja amesoma barua yako mara mbili," akasema, akacheka.

Kwenye ukumbi wa kuhesabia kura, wakala wa mgombea aliyekuwa nyuma kwa kura akasimama. "Sanduku hili lina kura za hoteli zilizopigwa alfajiri, kabla hatujafika!"

Aliyejibu alikuwa wakala mwenzake wa chama kile kile, aliyeshinda kituoni kwangu. "Mimi niliingiza mkono humo, hamkuwa na kitu. Na hao wa hoteli wamepiga alasiri, mbele ya macho yetu. Keti, ndugu yangu."

Alhamdulillahi, niliketi mimi kwanza.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama wenye zamu waruhusiwe kupiga kura mapema. Waruhusiwe, nasema, hata wiki nzima kabla, mradi anayehofia kushindwa awe amealikwa kuangalia.