Sauti ya Nne Isiyopumua

Jumatano ya tarehe 9 Julai 2025, Silantoi Mollel aliandika herufi moja mara themanini na nne. Ukurasa huo upo. Ni wa kumi na saba katika daftari lake la kwaya, na tarehe iko juu kwa kalamu ya bluu. Mistari ya sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu inapanda na kushuka, kama ilivyo kawaida ya nyimbo. Mstari wa sauti ya nne, ile ya chini kabisa ya wanaume, haupandi wala haushuki. Ni d, d, d, d, yaani noti ya do moja tu, vipimo ishirini na kimoja, mapigo manne kila kipimo.

Silantoi ana miaka arobaini na mitatu. Analima mahindi na maharage Oldonyo Sambu, upande wa mlima ambao mvua hufika kwa kusitasita, na ana mbuzi kumi na mmoja. Tangu mwaka 2019 ni mwalimu wa kwaya ya usharika wake wa Kilutheri, mwanamke wa kwanza kuisimamia kwaya hiyo. Noti alijifunza kwenye semina ya wiki mbili. Huziandika kwa penseli na kuzifuta kwa kipande cha ndala, kwa sababu raba za dukani, anasema, zinapaka uchafu badala ya kuuondoa.

Wimbo uliomfikisha kwenye zile herufi themanini na nne ulitungwa mwaka 1985 na marehemu mwinjilisti Ebenezer Laizer, kwa ajili ya siku ya kuweka jiwe la msingi la kanisa. Tarehe 31 Agosti mwaka huu usharika unatimiza miaka arobaini. Baraza la wazee liliamua wimbo huo uimbwe tena, kwa sauti zote nne. Ukikosekana hata mstari mmoja, utachaguliwa wimbo mwingine kitabuni. Silantoi alisimama na kusema utaimbwa. Wakati huo hakujua kwamba daftari ambamo mwinjilisti aliandika noti zake lilikuwa limeliwa na mchwa.

Waimbaji wa zamani walimsaidia kadiri walivyoweza. Akina mama wawili walimpa sauti ya kwanza na ya pili. Dereva mstaafu anayeishi Kisongo alimpa ya tatu, akiwa amesimama, mkono mfukoni, kama alivyoimba siku ile. Sauti ya nne ilibaki kwa mtu mmoja tu aliye hai, mzee Lemburis, mwenye miaka themanini na mmoja.

"Shikamoo, babu. Sauti yenu mlikuwa mnaiimbaje?"

"Marahaba. Mimi nilikuwa namfuata aliyesimama kushoto kwangu."

"Na yeye alikuwa anaimbaje?"

"Amekufa."

Lemburis hakuwa anamfanyia mzaha. Katika kwaya hizi wanaojua kusoma noti ni wachache. Mmoja mwenye sikio zuri hushika sauti, wengine humsogelea na kuichukua kutoka kwake. Aliyeishika sauti ya nne mwaka 1985 aliitwa Elirehema, na alizikwa mwaka 2003.

Ikabaki rekodi. Siku ile ya msingi mtu mmoja alikuwa na redio ya kaseti, na miaka mingi baadaye mjukuu wake aliihamishia kwenye kicheza muziki kidogo, kile ambacho watu bado wanakiita MP3, chenye ukubwa wa kiberiti. Silantoi alikisikiliza kwa hedifoni nyeupe za kuchomeka sikioni. Sauti tatu zilisikika vizuri. Ya nne ilikuwa kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Aliteremka mjini, kwa fundi.

Godbless Mallya ana kibanda cha kutengeneza redio na sabufa kata ya Daraja Mbili. Ametoka Rombo, ana miaka thelathini na sita, na imani yake ya kikazi ni moja: kisichosikika hakina nguvu. Alichukua amplifaya ndogo mfano wa kipande cha sabuni, akakiunganisha kicheza muziki upande mmoja na hedifoni upande wa pili. Amplifaya hiyo ina betri yake ndani, lakini Godbless huiacha kwenye chaja siku nzima, na chaja iko kwenye soketi ya ukutani. Alifungua sauti.

Silantoi aliisikia sauti ya nne mara moja. Nene, tulivu, imeishika do na haiiachi. Akafungua ukurasa wa kumi na saba.

Mtu wa Moshi au wa Tanga pengine angeshtuka kukuta sauti yenye noti moja tu. Silantoi hakushtuka, alifurahi. Amekulia kwenye sherehe za Kimaasai ambazo olaranyani, yaani mwanzishaji wa wimbo, huimba juu, na wanaume waliomzunguka huunguruma kooni, noti moja, mpaka ardhi inaonekana kushiriki. Alichokisikia kwenye hedifoni kilikuwa kile kile. Akahitimisha kwamba mwinjilisti Ebenezer, mtoto wa wafugaji, aliingiza muungurumo huo kanisani kimyakimya, akauvisha noti. Aliandika aya nzima kuhusu jambo hilo kwa ajili ya kijitabu cha sherehe.

Kulikuwa na mambo mawili yaliyokwaruza. Kwenye kipimo cha sita na cha kumi na nne ile do iligongana na sauti ya tatu. Pia ilikuwa juu kidogo kuliko do ya wengine, kiasi ambacho mtu asiye mwalimu asingekijali. Silantoi aliilaumu kaseti.

Wanaume sita wa sauti ya nne waliipenda. Ilikuwa mara yao ya kwanza kufundishwa wimbo kwa dakika kumi. Mzee Lengai, mwenye miaka sitini na minane, ambaye kwa kawaida huimba akitazama sakafu, aliinua kichwa. Aliyeleta shida ni Meitamei, mnunuzi wa ng'ombe, mtu mwenye kifua kipana kuliko wote. Kwenye mazoezi ya tatu alikaa chini katikati ya wimbo.

"Mwalimu, nina swali."

"Uliza, Meitamei."

"Hao wazee walikuwa wanapumulia wapi?"

Kwaya ikacheka. Mama mmoja wa sauti ya pili akasema, "Walipumulia nyumbani. Wewe ulitoka umekula ugali tu."

"Cheka, mama. Mimi nimekaa na ng'ombe tangu mdogo. Hata ng'ombe hawezi kulia vipimo ishirini na kimoja bila kumeza mate."

Silantoi hakucheka. Pembeni ya ukurasa wa kumi na saba kuna neno moja aliloliandika jioni hiyo: pumzi, na alama ya kuuliza.

Alhamisi ya tarehe 24 Julai alirudi Daraja Mbili. Hakwenda kusikiliza noti, alikwenda kutafuta mahali watu wanapovuta hewa. Godbless alimfungia vifaa vile vile, naye akakaa kwenye kigoda, kidole juu ya ukurasa. Alizisikia pumzi za akina mama mwishoni mwa kila mstari. Alimsikia dereva wa Kisongo akiwa kijana, akivuta hewa kama mtu anayetoka majini. Sauti ya nne haikupumua. Kufika mwisho wa ubeti wa kwanza alibonyeza kitufe cha kusimamisha.

Sauti tatu zikakatika. Ya nne ikaendelea.

"Fundi."

"Naam, mama mwalimu."

"Nimesimamisha wimbo."

"Sawa."

"Huyu bado anaimba."

Godbless alichukua hedifoni, akaweka moja sikioni. Alisikiliza kwa muda. Akatazama hedifoni, amplifaya, waya, akaufuata waya kwa macho mpaka ukutani. Akanyoosha mkono akachomoa chaja. Amplifaya iliendelea kuwaka kwa betri yake. Ile do ilikatika.

Akaichomeka tena. Do ikarudi.

"Huyo siyo mzee," alisema Godbless. "Huyo ni umeme."

Maelezo yake ni haya. Umeme wa ukutani hutetemeka mara hamsini kila sekunde. Chaja huugeuza kila mtetemo kuwa miwili, na ile isiyo nzuri hushindwa kuutuliza, hivyo kinachopita hufika kwenye amplifaya kama mtetemo wa mara mia. Mtetemo wa mara mia kwa sekunde ni sauti, na sauti hiyo iko juu kidogo tu ya noti ya G ya chini. Wimbo wa mwinjilisti, kama ulivyosikika kwenye kaseti, do yake ni G.

"Kwa hiyo nimewafundisha wanaume sita kuimba chaja," alisema Silantoi.

"Na wameiweza?"

"Vizuri sana."

Chaja ikiwa imechomolewa, kilichobaki ni mvumo, shhh, kama mvua ya mbali kwenye bati. Godbless aliongeza nguvu, na mvumo nao ukaongezeka. Ndipo alipokaa akavitazama vile vitu vitatu kama mtu aliyegundua kuwa watoto wake hawaelewani. Hedifoni zile nyeupe, alieleza, ni nyepesi mno. Zimetengenezwa ziitikie nguvu ndogo, kwa hiyo zikifungwa na amplifaya yenye nguvu huitikia hata uchafu wake.

"Nimemfungia mbuzi jembe la ng'ombe," alisema.

"Hapana," alisema Silantoi, ambaye bado analima kwa ng'ombe. "Umemfunga fahali na mbuzi kwenye nira moja. Mbuzi ananing'inia."

Walijaribu hedifoni nne. Za kwanza mbili zilikuwa nyepesi kama zile nyeupe. Za tatu zilikuwa na sauti ya upande mmoja. Za nne zilitoka chini ya meza, kubwa, za kufunika sikio zima, sifongo yake imeisha na Godbless ameibadilisha kwa sponji ya kuoshea vyombo. Ubavuni zimeandikwa 250, kipimo cha ukinzani wake, yaani ugumu wake wa kuupitisha umeme. Zile nyeupe ni 16. Mwaka mzima hakuna mteja aliyezitaka, kwa sababu zikichomekwa kwenye simu hazitoi kitu cha maana. Kwenye amplifaya, swichi ya nguvu ikiwa chini, mvumo haukuweza kuzisukuma. Wimbo uliweza.

Silantoi alisikiliza kwa dakika mbili. Kisha akageuza ukurasa, akaanza wa kumi na nane.

Sauti ya nne ya kweli haianzi na wenzake. Inangoja vipimo vinne kimya, inaingia kwenye cha tano, halafu inateremka hatua moja moja kama mtu anayeshuka korongo na mzigo. Kati ya kipimo cha nane na cha tisa inavuta pumzi, na pumzi hiyo inasikika. Lakini ilififia mahali pengi. Katika vipimo kumi na saba vya kuimbwa, alivipata kumi. Saba hakuvipata hata kidogo.

Godbless alifunga kicheza muziki na amplifaya pamoja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akampa na hedifoni kubwa, betri zikiwa zimejaa. Kwa mara ya kwanza mtambo huo haukuhitaji ukuta. Kesho yake ulikuwa Oldonyo Sambu, juu ya masikio ya Lemburis.

Mzee alisikiliza vipimo vinne vya mwanzo akiwa ametulia. Kwenye cha tano aligeuza kichwa kushoto.

"Elirehema," alisema.

Kisha akaanza kuimba, nyuma ya mwenzake kwa nusu pigo. Rekodi ilipofifia, Lemburis hakufifia. Silantoi aliandika alivyoweza, akamwomba arudie, naye alirudia mara tano. Alipomvua hedifoni na kumwomba aimbe mwenyewe, mzee alitikisa kichwa. Hajui. Alipomvisha tena, alijua. Siku hiyo vile vipimo saba vilipatikana.

Hapo Silantoi alikuwa na kurasa mbili. Hakuna mtu kwenye baraza la wazee ambaye angeweza kuzitofautisha. Wanaume walikuwa wameshauweza ule wa kumi na saba, nao ulikuwa mzuri. Na mwalimu wa kwaya mwanamke, anasema yeye mwenyewe, hasamehewi kosa kama mwanamume. Hata hivyo alipiga simu aya yake itolewe kwenye kijitabu. Jumamosi ya tarehe 2 Agosti aliziweka kurasa zote mbili mbele ya kwaya, akaeleza kuanzia soketi mpaka Lemburis.

Wa kwanza kusema alikuwa Meitamei. "Yaani mwalimu, wiki tatu hizi mimi nilikuwa chaja?"

"Ulikuwa chaja nzuri."

"Ndiyo maana nilikuwa nachoka. Kazi ya chaja ni kugawa tu."

Walicheka wote isipokuwa mzee Lengai. Yeye alisema sauti ile aliijua kabla umeme haujafika Oldonyo Sambu, alipewa na baba yake, na kama chaja nayo inaijua basi chaja ina akili. Hii mpya, ya kushuka ngazi, hataiweza kwa umri wake. Alichukua fimbo yake akatoka.

Wanaume watano waliobaki walihitaji majuma mawili. Meitamei ndiye aliyeishika kwanza, na sasa wengine humsogelea. Lengai alihudhuria mazoezi mawili yaliyofuata akiwa amekaa kwenye benchi la nyuma, mdomo umefungwa. Silantoi hakumbembeleza. Jumapili ya tarehe 17, baada ya ibada, alimpelekea mtambo wa Godbless, akamvisha, akaondoka kwenda kusalimia watu. Aliporudi mzee alikuwa ameusikiliza mara tatu.

"Huyu Elirehema alikuwa anapumua," alisema Lengai.

"Anapumua, baba."

Mazoezi ya mwisho ni Jumamosi ya tarehe 30 Agosti, saa kumi jioni. Mzee Lengai amesema atakuja kuimba, kwa sharti kwamba kushoto kwake asimame Meitamei.