Ndege wa Hukumu na Mpunga wa Mama

Mwanangu, mimi niliwahi kuwaachia ndege mpunga wa mwaka mzima, kisha nikamsingizia Mungu. Tulia nikusimulie. Kukaa ndani ndiyo kazi ninayoiweza, na wewe mvua imeshakufunga humu.

Nakumbuka siku ile, miaka ya tisini, nimemaliza sekondari nimerudi kwetu Mpimbwe. Mama alikwenda Majengo, mjini Mpanda, kumtunza dada Stela aliyejifungua, akaniachia kazi ya kuamia ndege. Nilifurahi sana, maana ni kazi ya kukaa. Unapanda dungu, kile kichanja cha mlinzi, ukiwa na kombeo na rundo la madongo, ndege wakitokea unarusha na kupiga kelele. Mimi nikaongeza Biblia. Si msomi bwana!

Nikafika kwa yule nabii aliyeona nzige wakija kama jeshi la farasi, hukumu ya Mungu juu ya nchi. Jua lilikuwa limelala juu ya masuke, upepo unayabembeleza, nikawa sijui nasoma au naota. Ndipo kwelea wakaja. Wingu zima lenye mbawa, linajikunja, linajikunjua, linavuma kama mto wa mbali. Lilikuwa zuri, mwanangu, sitakudanganya. Kwa mbali nikamsikia Mama Kulwa, jirani yetu Msukuma, anapiga debe shambani kwake: "Wee msomi! Wanakuja huko kwako! Rusha!"

Sikurusha. Nani arushie unabii madongo?

Nilipozinduka, masuke yalikuwa yamesimama wima. Nawe unajua, suke lenye punje huinama.

Mama aliporudi akashika suke moja, likamchoma kiganja tu. Nikatafuta sauti nzito, nikasema, "Mama, hii ni hukumu. Kama nzige wa nabii." Nilitegemea anigombeze. Badala yake akaketi palepale kwenye tuta la jaruba, akauliza, "Nimekosa nini mimi?" Akaanza kujikumbusha dhambi zake: jirani aliyemnyima chumvi, sala ya jumuiya aliyoikosa. Machozi yakamtoka, nami nimenyamaza. Nyani haoni kundule. Msimu ule tulikula ugali wa muhogo mpaka tukauzoea, lakini ule ukimya wangu sijauzoea hata leo.

Basi mwanangu, ukisoma Biblia ukakutana na simba, chui na nzige wa manabii, usiwatafutie mtu wa kumrarua. Anza kujitazama mwenyewe. Nabii hupaza sauti ili aliyelala aamke. Mimi nilimfanya mto wa kulalia. Mungu akupe macho ya kuota na mikono isiyosinzia, na masuke yako yainame kwa uzito.

Aliyemwinua mama pale chini hakuwa mimi. Ni Mama Kulwa, aliyekuja kumpa pole, akamsikia anavyotubu, akanitazama juu mpaka chini:

"Mama Stela, inuka. Hukumu gani? Mimi nimepiga debe mpaka mkono umevimba, na huyu mtoto wako alikuwa anakoroma."