Nguzo Nne Nilizosimamisha kwa Haraka

Siku zile mdomo wangu ulikuwa mwepesi kuliko cherehani yangu, na cherehani yenyewe haikuwa ya kulala. Nilishonea kwenye baraza la duka moja pale Keroka. Mume wangu alikuwa karani wa posta, na uhamisho wake ndio ulionitoa ziwani kunileta huku juu kwenye baridi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Jumapili moja afisa wa watoto alikuja kanisani kwetu kutafuta watu wa kujitolea. Walitakiwa kuwatembelea wavulana waliokuwa wakirudi makwao kutoka shule ya marekebisho, ile tuliyoiita aprufu. Kabla hajamaliza kueleza, mkono wangu ulikuwa juu.

Nilipewa mmoja wa miaka kumi na minne, kwao upande wa Nyamira. Miaka mitatu nyuma babake alimpiga, naye kwa hasira akachoma ghala la wimbi. Kazi yangu ilikuwa kufika kila Jumamosi, nimsikilize, nimsaidie kuzoea nyumbani. Mwezi wa Januari afisa angekuja na fomu. Baba akitia alama ya kidole, mtoto anabaki. Akikataa, mtoto anarudishwa aprufu mpaka awe mtu mzima.

Na yule mzee, haki ya Mungu, alikuwa mgumu. Hakumtukana mwanawe wala kumgusa. Hakumsemesha, basi. Kijana akiingia, yeye anatoka. Usiku mtoto alilala jikoni kwa mamake na wadogo zake, miguu imefika mlangoni. Niliumia kumwona hivyo. Kwetu ziwani, kaka zangu wa umri ule walikuwa na kibanda chao karibu na lango, na hakuna aliyewazuia.

"Tutakujengea nyumba yako," nikamwambia.

"Mama, wacha tu."

"Niwache nini? Unaogopa kazi?"

Akatazama vidole vya miguu yake. Mimi nikadhani ni uvivu. Ndiyo akili yangu ya siku hizo!

Jumamosi ya tatu nilifika na kamba za mkonge mfuko mzima, na muumini mmoja alikuwa ametupatia miti. Kufikia saa sita nguzo nne zilikuwa zimesimama pale langoni, mahali pa kuonekana na kila mpita njia. Kijana alishindilia udongo bila kuniangalia.

Mzee alitokea shambani na kikapu cha pareto. Alipoona, kikapu kilimponyoka, maua yakamwagika.

"Nani amemtahiri huyu?" akaniuliza kwa Kiswahili, ili nisipate pa kujificha. "Serikali imemtahiri mwanangu kati ya watu wasiojulikana, na mimi sikuambiwa?"

Aling'oa nguzo zote nne, akazitupa nyasini, akaingia kwake. Vitoto vya jirani vilikuwa kwenye ua, vinacheka.

Mama wa kijana alinivuta nyuma ya migomba, akanieleza polepole. Huku mvulana hapewi nyumba yake mpaka apitie jando. Akisimamisha nguzo, anatangaza kwamba tayari. Wenzake wa rika walipitia yeye akiwa aprufu, na sasa hata wa miaka kumi walikuwa wanamwita mtoto. Lo! Kwetu ziwani hakuna jando, wala sikuwaza kuuliza. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nyinyi watu wa ziwani mna haraka," akasema, akanicheka kidogo, bila ubaya.

Nilimkuta kijana anakunja kamba.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje jambo kama hilo, nawe ni mama?"

Kweli, angeniambiaje? Nikakaa chini kwenye nyasi. Naona kukaa kwangu ndiko kulikomfungua mdomo.

"Kule walikuwa wanapeleka wavulana hospitali kila Desemba," akasema. "Waliniita mara tatu. Nikakataa."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nangoja nyumbani. Nilitaka baba ndiye aniite."

"Na wenzako hawakukucheka?"

"Kila siku."

Nililia palepale, na sioni haya kusema. Halafu nikajifuta, nikaenda kusimama nje ya mlango wa mzee.

"Mzee, kosa ni langu, sikujua desturi. Lakini hakuna aliyemgusa mwanao. Wamemwita mara tatu akakataa. Anakungoja wewe."

Nikasikia kiti kinasogezwa ndani.

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

Akatoka, akanipita. Aliokota zile nguzo moja moja, akaziegemeza chini ya paa la ghala jipya.

"Zitanyeshewa," akasema, kama anayejisemea. Kisha akamgeukia mwanawe, mara ya kwanza tangu arudi. "Leta na hizo kamba."

Desemba sikufika, maana si mambo ya mwanamke, tena mgeni. Nilisikia nyimbo tu nikiwa barabarani, nikajua ni siku yake. Baadaye mama aliniambia kwamba vijana wakiwa ndani baada ya jando, huwasha moto ambao haufai kuzimika hadi watoke. Wavulana wakubwa ndio waliowapelekea kuni. Za huyu wetu, babake alizipasua mwenyewe kila asubuhi.

Januari afisa alikuja na fomu yake. Nilikuwepo, roho juu juu. Mzee alimkalisha, akamwacha asome maneno yote ya serikali mpaka mwisho.

"Unamkubali?" afisa akauliza.

"Nyinyi mlimwita mara tatu hakuja," mzee akasema. "Mimi nilimwita mara moja."

Akanyoosha mkono kuomba wino.