Jiko Lisilowashwa Kabla ya Saa Tatu

Mama yangu alitua Louisville mwezi wa kumi na moja akiwa na masanduku mawili, moja limejaa unga wa wimbi peke yake. Alikuwa amepikia wasichana wa shule ya bweni kule Kitale miaka na miaka mpaka akastaafu, na alikuja Amerika kwa shughuli moja tu. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, ya miezi sita, na niliogopa kuzaa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Tulipatana akae nami mpaka nijifungue, na zile siku arobaini zipite, ndipo tuanze kuzungumza habari za tiketi ya kurudi.

Sasa, kabla hajafika, mimi nilikuwa nimeingiwa na wazimu wa umeme. Tulikuwa tumenunua nyumba ndogo mtaa wa Beechmont, na tanuri la gesi la kupashia nyumba joto likafa hata hatujamaliza kufungua maboksi. Mume wangu alitaka tununue lingine kama lile, yaishe. Mimi niliyesomea takwimu, ninayelipwa na kampuni ya bima kuwaza hasara za watu wengine, nikasema thubutu. Tunaweka pampu ya joto. Inakaa nje ya nyumba, inavuta joto lililomo kwenye hewa ya baridi na kulisukuma ndani. Mume wangu akauliza ni joto gani hilo linalopatikana kwenye baridi. Nilimweleza mara tatu. Akasema sawa, kwa ile sauti ya mtu anayetaka kula.

Kampuni ya umeme nayo ilikuwa imeleta mpango mpya. Wanakuwekea mita janja ukutani, na bei inabadilika kwa saa. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, umeme ni ghali wa kutisha. Saa nyingine zote ni bei ya kutupa. Nilijiandikisha siku hiyo hiyo. Nikachora ratiba kwa kalamu nyekundu, nikaibandika kwenye mlango wa friji: saa hizi nne hakuna kufua, hakuna kupiga pasi, hakuna kuwasha jiko. Jiko letu lilikuwa la umeme, na lilikula umeme kuliko kitu kingine chochote mle ndani, kwa hiyo nililiandika kwa herufi kubwa na kulipigia mistari miwili.

Mama alisoma ile karatasi akiwa bado na koti la safari. Akasema, "Haya." Ningemjua vizuri zaidi ningeogopa.

Mfumo wangu ulikuwa hivi. Saa tisa alasiri napandisha joto mpaka kuta zenyewe zinapata moto, saa kumi na moja nalishusha, tunaishi kwa akiba mpaka saa tatu. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Nyumbani ilimaanisha kwamba saa kumi Mama ameketi na leso tu, anajipepea kwa gazeti, na saa moja amevaa koti langu, soksi mbili mbili na kofia ya mume wangu. Aliweka kiganja kwenye tundu la hewa sakafuni, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hii ni pumzi ya mgonjwa," akasema.

"Mama, inafanya kazi. Haitoi moto, inatoa vuguvugu."

"Vuguvugu ni ya kuogeshea mtoto. Mimi ni mtu mzima."

Kisha ikaja asubuhi ya barafu. Pampu ya joto ikishikwa na barafu hujiyeyusha yenyewe, na mvuke mweupe hupanda kama wa sufuria. Jambo la kawaida kabisa. Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nasuka nywele chumbani niliposikia mlango wa nyuma ukibamizwa, na nilipochungulia dirishani nilimwona mama yangu mzazi, na ndara miguuni, anakimbia juu ya theluji na karai la maji. Akamwaga lote kwenye mashine. "Moto! Tokeni nje! Moto!" Wallahi nilicheka mpaka nikashika tumbo nikidhani mtoto anatoka. Yeye hakucheka hata kidogo. Alisema mtu mwenye akili hanunui kitu kinachofuka moshi halafu nyumba inabaki baridi.

Mpwa wake anaishi Buffalo, mtaa wa Black Rock, kwenye nyumba kuukuu aliyoinunua kwa bei ya sahani. Mama alimpigia simu kila Jumapili, na kila mara alipokata alinitangazia matokeo. Theluji imefika dirishani huko, lakini ndani wanakaa na mashati. Dada yangu, aliye Columbus, naye bado alitumia gesi, na kila jioni alipika huku simu iko kwenye spika ili Mama asikie vitunguu vinavyokaangwa. Dada yangu ana roho mbaya tangu utotoni.

Lakini kilichovunja mambo ni wageni. Watu wawili wa kanisani walipita kunisalimia saa kumi na mbili jioni, baridi ya kukata masikio, nami nikawapa juisi ya friji. Mama alinikata jicho mpaka nikamwaga. Walipoondoka akasema, "Umewanyima watu chai."

"Mama, ilikuwa saa nyekundu."

"Umewanyima watu chai, nikiwa nimekaa hapa."

Siku ya pili akaanza kutaja Columbus. Pengine angeenda kwa dada yangu, alisema, pengine hata kabla mtoto hajaja. Nikahisi maji yamenifika shingoni. Nikaondoka mbio kwenda dukani, nikamletea nguo za ndani nzito, zile wanazovaa wanaokwenda kuwinda, na blanketi lenye sufu pande zote mbili. Alinishukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru karani. Nikajiambia baridi imeshughulikiwa.

Na kweli akatulia. Alipata rafiki, mama mmoja Mkongomani wa Bukavu aliyekaa nyumba ya mkabala, anayefanya kazi kwenye ghala na kulea watoto wanne. Kila jioni saa kumi na moja Mama alijifunga leso na kusema anaenda maombi kwa jirani. Nikafurahi. Nikafurahi zaidi nilipofungua michoro ya mita janja: mstari wa jioni ulilala chini kama nyoka aliyeshiba. Nilimtumia dada yangu picha ya mstari huo.

Isitoshe, Mama alikuwa akirudi na bakuli. Maharagwe yenye mawese, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Nilikula nikalamba vidole. Nilimwambia mume wangu hivi, Mama akiwapo: "Hawa Wakongomani wanajua kupika, jamani. Sisi tunachemsha tu." Mama akasema, "Nitampa jirani salamu zako."

Nikiwa na miezi minane na siku kadhaa, dada yangu alinipigia jioni. Akaniuliza kama Mama ana koti la kutosha la safari. Safari gani? Ndipo akatoboa kwamba Mama alikuwa amemwomba amkatie tiketi ya basi. Jumamosi angekuwa Columbus.

Hasira zangu hazihitaji kuni nyingi. Nilivuka barabara na tumbo mbele, koti halifungiki, na hotuba nzima kichwani: nimemnunulia blanketi, nimemnunulia nguo, nimemkosea nini? Nikagonga. Jirani akafungua, bado amevaa fulana ya kazini.

"Karibu ndani, baridi itakuua. Mama yako eko jikoni."

"Maombi hayajaisha?"

Akanitazama. "Maombi gani? Bon, mi nilizani unajua. Kila siku eko anatupikia. Mi natoka kazini nimechoka, donc nakuta batoto bamekula, bameoga. Banamwita koko, ni kama nyanya yabo."

Nilisimama kwenye mlango wa jikoni. Majiko yote manne yalikuwa yanawaka. Mama yangu, bila koti, bila kofia, mikono wazi mpaka mabegani, alikuwa anasonga ugali huku mtoto mmoja ameshika leso yake na mwingine anamsomea kitabu cha shule kwa Kiingereza. Alikuwa anaimba. Miezi miwili kwangu hajaimba. Na maharagwe yale niliyoyasifu yalikuwa yanatokota mbele yake.

"Mama, kama ni baridi si ungesema?"

"Nani amekwambia baridi?" Hakugeuka. "Kitale kule juu sikuota jua. Watu wanarudi nyumbani saa zile zile ulizonikataza kupika. Mtoto wangu ana mimba, namwangalia anakula chakula kilicholala. Kwako mimi ni mgeni. Ningetaka kuwa mgeni ningekaa hoteli."

Hotuba yangu ikayeyuka. Nililia pale pale mbele ya watoto wa watu, kwa aibu na kwa woga wa Jumamosi, na jirani akaniletea kiti.

Tulirudi pamoja. Ilikuwa saa moja na nusu, na mume wangu alikuwa anakula mkate mezani. Mama alinawa mikono, akaweka sufuria ya maji juu ya jiko, akashika kitufe. Halafu akanigeukia, yeye aliyewahi kulisha wasichana mia tatu bila kuuliza mtu.

"Niwashe? Ama bado?"

Nikasema, "Mama, usiniulize tena. Tafadhali."

Akawasha. Akaangalia maji kwa muda, akatia chumvi.

"Mpigie dada yako," akasema. "Mwambie Jumamosi siji."