Site iko na ndugu zake: namna nilimutafuta mudogo yangu Riziki wakati wa vita

Wakuu, hodi humu ndani.

Minye, yaani mimi, ni muzee wa Mulongwe, Uvira. Shule niliacha mwaka wa nne primaire, kwa hiyo mukikuta herufi imepinda munivumilie. Lakini haya sikuambiwa na muntu. Niliyaona na macho yangu mawili, wakati yote mawili yalikuwa bado yanaona.

Nimesoma humu kijana mumoja anauliza: ukipata site moja nzuri ya interneti, utapataje zingine za namna ile ile?

Jibu niko nalo, ila nitapitia mbali kidogo.

Kazi yangu ilikuwa mekanisie, fundi wa moteur, yaani injini, za boti, hapa kando ya ziwa. Moteur nikiisikia inalia tu, najua inaumwa wapi. Hiyo mukumbuke, itarudi.

Niko na mudogo yangu mumoja tu, Riziki. Aliolewa Bwegera, kule bonde ya Ruzizi, akawa analima mupunga. Bwana yake alikufa na homa mbele ya vita, akabaki na watoto wane. Muchele ya Bwegera, wakuu, ukipika hapa, jirani wa nyumba ya tatu anakuja kuuliza habari za afya yako.

Niache hiyo.

Vita ilipofika Bwegera watu walitawanyika. Wengine walivuka Ruzizi kwenda Burundi, wengine walipanda milima, wengine walishuka mpaka ziwani wakapata boti ya Kigoma.

Riziki, hakuna aliyejua alipita wapi. Muntu mumoja tu alisema aliona muke na watoto wakiingia mutoni, na maji ilikuwa mingi.

Miaka ikapita. Vita ikawa inalala, inaamuka. Baba wadogo wakasema basi, tufanye matanga, tumulie Riziki, yaishe. Wakaleta na mbuzi kabisa, wakaifunga nyuma ya nyumba. Wakapanga siku ya posho, ile wengine munaita juma mosi.

Mama hakuwakatalia. Aliniita minye pembeni, akasema: "Nitakaa chini kwa matanga siku utaniambia umetafuta kila mahali. Kama kumebaki mahali, sikai."

Nilikuwa nimeshauliza parokia, wenye boti, na masoko ya Bujumbura. Kulibaki mahali pamoja: cyber ya Mama Sifa.

Huyu Mama Sifa alikuwa muke wa kutoka milima ya juu. Wakati ule watu wa chini walikuwa hawaingie kwa watu wa juu, na wa juu vile vile. Nisijisifu hapa. Niliingia kwake kwa sababu groupe yake, ile moteur ya kutoa umeme, ilikuwa inakohoa, akaniita. Nilipoitengeneza ikatulia, akauliza nataka nini. Nikasema nasikia mashine zako zinajua kutafuta watu.

Akaniambia hii kitu inaitwa moteur de recherche, yaani moteur ya kutafuta.

Nikamuambia moteur najua, mama. Hii inakunywa mafuta gani? Alicheka mpaka akakaa.

Alinionyesha site moja ya watu waliopotezana na jamaa zao. Majina mingi, wakuu. Mingi. Tulisoma mpaka macho ikauma. Riziki hakuwemo.

Siku zilikuwa zimebaki mbili.

Mama Sifa alikuwa amekaa Nairobi kidogo, Kiingereza alikuwa nacho. Akaniambia andika neno related, weka nukta mbili, halafu adresi ya ile site. Nikauliza related ni nini. Akajibu, "Ni ndugu, papa. Watu wa ukoo mumoja." Halafu akaitwa na kliya mwingine, muteja wake.

Sasa minye, kwa akili yangu, nikaona dunia imeendelea. Kumbe mashine inajua ukoo! Nikafuta adresi, nikaandika related, nukta mbili, Riziki.

Mashine ikaniletea hoteli inaitwa Riziki.

Nikakasirika. Mama Sifa aliporudi akatazama, akasema: "Papa, hii moteur haijue ukoo yenu. Ni ndugu ya site, si ndugu ya muntu."

Hapo ndipo kazi yangu ilinisaidia. Sisi mekanisie, ukikosa piesi, yaani kipuri, ya moteur hii, hauzunguke sokoni ukiita jina la piesi. Unatafuta moteur ndugu yake, ya fabrika moja, ya nguvu moja. Huko ndani piesi utaipata. Nikamuambia, basi sawa, hii ndiyo moteur iliyokosa piesi. Tutafute wadogo zake.

Akaandika vizuri. Na hapa muangalie: baada ya nukta mbili usiache nafasi, adresi inashikana pale pale. Ukiacha nafasi, unarudi kwa hoteli.

Zikatoka site kama sita, zote za kutafuta watu. Ya kwanza haikufunguka. Ya pili ilikuwa ya inchi zingine. Ya tatu ilikuwa ya kambi za upande wa Kigoma.

Mama Sifa anasoma, minye nasikiliza. Akafika mahali, akapita, akarudi kidogo.

Akasema, "Hapa iko Liziki moja, na L. Lakini huyu anatafuta kaka yake, Buji wa Mulongwe. Haiko wako."

Akawa anaendelea kushuka chini.

Wakuu, nilipokuwa kijana nilikuwa natembea na buji ya moteur, ile plagi ya kuwasha moto, mufukoni, kama dawa. Muntu mumoja tu hapa duniani alikuwa ananiita vile.

Nikashika mukono yake. "Rudi," nikasema. "Buji ni minye."

Iliandikwa hivi: Liziki, wa Bwegera, na watoto watatu.

Nilikimbia nyumbani na miguu yangu yote. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza tu: "Watatu gani?"

Tulituma barua kupitia ile site, jibu likachukua wiki nyingi. Mutoto wa tatu kati ya wale wane, Shukuru, maji ya Ruzizi ilimuchukua. Yule shahidi wa mutoni hakudanganya.

Matanga ya Riziki baba wadogo walikuwa wameiacha. Mbuzi ilikuwa bado imefungwa pale nyuma. Siku ya posho iliyofuata Mama alikaa chini, kwa matanga ya Shukuru. Na Mama Sifa wa milima ya juu alikuja na sukari yake, akakaa karibu naye.

Riziki alirudi baadaye. Hata leo ananiita Buji.

Sasa nilichojifunza. Site moja ikikunyima, usifunge mashine, uliza ndugu zake. Vijana wananiambia siku hizi neno related mahali pengi halijibu tena. Sawa, lakini akili yake haijafa, tafuteni namna ingine.

Na jambo kubwa: ukimukosa muntu wako, usiandike jina yake peke yake. Andika na yako, hata ile ya utoto. Minye miaka yote nilijua niko natafuta. Sikujua niko natafutwa.

Wenye namna yao ya kutafuta, leteni hapa chini. Nasoma polepole, lakini nasoma zote.