Yai la Kukombolea Baiskeli

Baiskeli zetu zilikuwa mbili, na ukizijumlisha unapata moja. Maneno hayo si yangu, ni ya mtani wangu, Mzaramo wa Temeke aliyekuwa tarishi katika ofisi moja ya mjini. Mie nilikuwa karani wa stoo bandarini, mtu wa kuhesabu mzigo ukiingia na kuuhesabu tena ukitoka. Nilihesabu nikaona amesema kweli.

Zote zilikuwa za kiwanda kimoja, za tangu enzi za Mjerumani, tulizozitoa katika vyuma chakavu nyuma ya maduka. Yake ilikuwa na magurudumu yake ya asili: spoki thelathini na mbili mbele, arobaini nyuma, haikupungua hata moja. Lakini alikalia kipande cha ubao kilichofungwa gunia. Yangu ilikuwa na kiti cha ngozi chenye springi, na kengele ya shaba inayosikika mtaa wa pili. Gurudumu langu la nyuma, hata hivyo, lilitoka kwenye baiskeli ya juzijuzi, na kila mwenye macho aliliona.

Miaka saba tulipatana bei bila kuafikiana.

"Nipe gurudumu, nikupe kengele."

"Lete na kiti."

"Kiti? Nikalie nini?"

"Kalia mzigo. Si mpagazi wewe? Babu zako walitoka Tabora na pembe za ndovu vichwani, hawakuuliza kiti."

"Na babu zako walikuwa wanacheza ngoma pembe zikipita."

"Tuliwapigia nyie, mtembee vizuri."

Mie Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani: tunatukanana mbele za watu, na mwenye kukasirika ndiye mwenye kosa. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilivuka kutoka Kinondoni hadi uani kwake. Tulisugua kutu kwa majivu na makumbi ya nazi, tukaosha gololi kwa mafuta ya taa ndani ya sufuria iliyokwisha kutoboka na kuzibwa, nami nikizihesabu kabla ya kuzirudisha. Kisha tulishika njia ya Chamazi, ambako kwa mchanga ule tulizisukuma zaidi ya kuzipanda. Mkewe alituuliza ni nani hasa anayembeba mwenzake, mtu au baiskeli.

Mtani wangu alikufa kwa kifua, kabla ya masika.

Mtani ana kazi yake msibani. Wenye msiba wanalia, yeye anachekesha. Anamwigiza marehemu, anaziba njia, anachukua kitu cha nyumba ile na kutishia kwenda nacho. Mtu wa nyumbani hutoka na cha kukombolea, kuku au kisahani cha mchele, chochote, na kitu kinarudi mahali pake. Watu wanacheka, wanafuta macho, wanakwenda kuzika.

Nikaitoa baiskeli yake ukutani. Nikaipanda kama alivyokuwa akiipanda yeye, kifua mbele, viwiko nje kama kuku anayekauka baada ya mvua. Nikapiga kelele, "Mzaramo amekufa bila kunipa gurudumu! Basi nachukua baiskeli nzima!"

Watu walicheka. Nikazunguka nyumba mara ya kwanza, hakutoka mtu. Mara ya pili. Mara ya tatu nikapunguza mwendo, labda mchele unatafutwa. Hesabu yangu ilikuwa na kasoro. Hawakujaliwa watoto, na kaka wa mjane alikuwa bado njiani kutoka Kisarawe. Wanaume walidhani wanawake watatoa, na wanawake ndani walidhani wanaume wametoa. Jeneza likainuliwa. Mie nikabaki na baiskeli mkononi, na hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Kitu cha utani kisichokombolewa hakirudishwi bure. Ukikirudisha bure umeukana utani. Umesema siku ile ulikuwa mwizi tu kama wezi wengine. Kuomba ukombozi nako hakuna, mtani haombi. Na mwenye kukomboa, yule mjane, alikuwa amekwisha kuingia eda, miezi minne na siku kumi, haonwi na mwanamume asiye wake. Kitu nilichokitamani miaka saba nilikipata bila kupatana, na nilitaka jambo moja tu: mwanamke yule atoe chochote, baiskeli ya mumewe irudi nyumbani.

Nikafikiri mjane akisikia kengele atakumbuka. Jumapili ya kwanza nilipita mbele ya nyumba nikiigiza kengele kwa mdomo, nikaonekana mwendawazimu. Jumapili ya pili niliifungia baiskeli yake ile kengele yangu ya shaba. Nikiwa na spana mkononi nikasema, acha niitie na kiti changu, niione nzima siku moja. Ilikuwa nzima. Niliipeleka hadi Chamazi peke yangu, na sehemu ya mchanga nikaisukuma bila mtu wa kunitukana. Ukimya wa njia ile sijapata kuusikia tena. Yangu ilibaki Kinondoni imeegemea ukuta, kibomba cha kiti kitupu kimeelekea juu.

Kila Jumapili nilipita Temeke nikipiga kengele. Dirisha lilikuwa limefungwa. Hakutoka mtu.

Eda ilipokwisha nilikwenda. Nje palikuwa na mkokoteni, na kaka wa mjane alikuwa akipakia kitanda. Wanahamia Kisarawe; nyumba ilikuwa ya kupanga. Shemeji alitoka amekonda, ameshika bakuli la udongo lenye yai moja.

"Mtani," alisema, "nakomboa mali ya mume wangu."

"Shemeji, pole. Yai moja tu?"

"Nililitenga siku ileile ya maziko. Nikasema mpeni yule mpagazi, akome kunizungukia nyumba. Hakuna aliyenisikia, ndani kulikuwa na vilio." Akatazama baiskeli. "Kengele nilikuwa naisikia. Jumapili moja hukupita."

"Nimepita zote kumi na nane."

"Kumi na saba."

Nikahesabu kimoyomoyo, nikahesabu tena. Alikuwa sahihi. Jumapili moja ya masika Msimbazi ulifurika nikashindwa kuvuka. Maisha yangu yote nimehesabu mali za watu, na mwanamke aliyefungiwa chumbani amenizidi.

Akapapasa kiti. "Hiki si chake. Yeye alikalia gunia."

Hapo nilikuwa na nafasi yangu. Spana ilikuwa mfukoni. Dalali yeyote wa Kariakoo angeniambia, fungua, ndugu yangu, umekombolewa baiskeli, hukukombolewa kiti.

"Ni chake, shemeji," nikasema. "Alikuwa anakidai."

"Basi kimefika."

Nikapokea yai. Kaka yake akaipandisha baiskeli juu ya kitanda, akaikaza kwa kamba ya katani iliyopita katikati ya spoki. Nikamwambia asipitishe hapo, zitapinda. Akauliza, "Kwani hii inabeba magunia mangapi ya muhogo?" Mkokoteni ulipoingia kwenye mashimo, kengele ililia yenyewe.

Nilirudi Kinondoni kwa miguu na yai la miezi minne na siku kumi mkononi. Nililibeba kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kubeba kitu chochote, kwa sababu nilijua likipasuka litanifanya nini. Nyumbani niliitazama baiskeli yangu. Fremu moja, magurudumu mawili, moja la uongo. Kiti hakuna, kengele hakuna. Nikaingiza kitambaa katika kibomba cha kiti, nikalitua yai juu yake.

Siku ya tatu lilipasuka lenyewe, na jirani wa ukutani akaja kuuliza ni mnyama gani amenifia. Mtani wangu angekuwepo angesema nimepunjwa, na angesema hivyo mbele ya watu wote. Nilifungua mlango hewa ipite, nikachukua majivu, nikaanza kusugua.